Mpini wa Mama Paras

Kuna mafundi wakiharibu kazi husingizia mbao. Mimi hilo siwezi. Mninga ule ulikuwa umekauka vizuri, hauna fundo hata moja, na msasa niliupiga kwa mkono wangu mwenyewe mpaka ukawa laini kama sabuni. Kosa lilikuwa langu, mimi Bushiri, fundi mipini wa mtaa wa Gerezani, na nimeishi nalo tangu mwaka tisini na moja. Sasa nimezeeka. Asubuhi vidole vyangu vinakataa kukunjika mpaka nivitie kwenye maji ya moto, na kila nikivitia namkumbuka mama Paras, najiona mjinga upya.

Ndiyo, fundi mipini. Watu hucheka nikisema hivyo, kana kwamba mipini huota yenyewe kwenye vyuma. Mtu akinunua shoka husifia chuma, lakini chuma hakishiki. Anachoshika ni mpini. Nilitengeneza mipini ya patasi, ya misumeno, ya visu vya wauza nyama, katika kibanda changu cha mabati nyuma ya reli, na sikukosa mteja hata siku moja.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni ya sabuni tukaanza kuona Kariakoo inajaa kila kitu: redio kaseti, vitambaa vya Dubai, mafriji yamepangwa mpaka barazani. Mali ilipokuja, majambazi nao wakaja, tena mchana kweupe. Wenye maduka wakaanza kwenda polisi kuomba vibali vya kumiliki bastola. Nyingi zilikuwa kuukuu, zimepita mikononi mwa watu watatu au wanne, mipini yake ya plastiki imepasuka, na ndiyo wakaniletea mimi. Nilikuwa na sharti langu: njoo na kibali, njoo na bastola isiyo na risasi, na jioni uondoke nayo. Mimi silali na silaha.

Bastola haitaki mchezo na ukubwa wa mkono. Mpini ukiwa mnene kuliko kiganja, kidole hakifiki kwenye kifyatulio, mtu analazimika kuusokota mkono ili akifikie, na risasi inakwenda kwa jirani. Ukiwa mwembamba mno, vidole vinauzunguka vinakutana na kiganja, na bastola inacheza ndani ya mkono. Kwa hiyo kila mteja nilimpa donge la puti, ule udongo laini wa kushikia vioo vya madirisha, nikamwambia: "Kamata kama unamkamata mwizi." Anakamata, anaacha alama ya kiganja na vidole, na mimi nachonga kufuata alama ile. Wakubwa kwa wadogo, wote walikamata puti. Ilikuwa ndiyo sheria ya kibanda changu, na niliivunja mara moja tu.

Wa kwanza kuniletea bastola alikuwa Khalil, muuza vitambaa wa Mtaa wa Mkunguni, Mwarabu mwenye kiganja kama sahani ya pilau. Nilimchongea mpini mnene, nikaufunga juu ya kiolezo cha mbao, kwa sababu kila bastola niliyoipokea niliichongea kwanza kiolezo cha umbo lake. Khalil akaushika, akacheka mpaka akakohoa. "Bushiri, nimekuomba mpini, wewe umenichongea mchi wa kutwangia!" Nikampunguzia mwingine. Ule mnene ukabaki kwenye rafu na kiolezo chake, nikawa nautumia kukandamizia karatasi zisipeperushwe na upepo.

Siku chache baadaye akaja mzee Devendra. Huyu alikuwa Mhindi mwenye duka la masufuria na masinia Mtaa wa Sikukuu, chini duka, juu nyumba, na nilimfahamu tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi kwa kuwa vifuniko vyake vya sufuria vilikuwa na vishikio vya mbao nilivyovitengeneza mimi. Aliingia taratibu, akaketi juu ya gogo kabla hata sijamkaribisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Subiri nipumue kwanza."

Alipumua. Kisha akaniwekea mezani kibali chake na bastola iliyofungwa kwenye kitambaa. Nikaitazama, nikaona ni pacha wa ile ya Khalil, aina ileile, ukubwa uleule.

"Mpini huu hauna shida," nikamwambia.

"Kwangu hauna shida. Nataka wa mke wangu."

Akanieleza yote bila kuficha. Moyo wake ulikuwa umechoka na daktari hakumpa matumaini. Mtoto wao mmoja tu, Paras, alikuwa Leicester, Uingereza, na alikuwa ameandika barua: baba akiondoka, mama hawezi kubaki peke yake Kariakoo na majambazi hawa, atakuja kumchukua. Mama hataki kusikia habari hiyo. Aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa na alikwisha kusema kwamba atatoka humo siku ya maiti yake kwenda kuchomwa. Basi baba na mtoto wakasikilizana kwa barua: mama akipata kibali chake mwenyewe, akaonyesha mbele ya polisi kwamba anaimudu silaha, Paras hatasema neno tena.

"Unaelewa, fundi?" akasema. "Si bastola ninayokuomba. Nakuomba abaki nyumbani kwake."

Nikamjibu kwa majivuno yangu yote kwamba amefika. Kesho yake mchana nikapanda Mtaa wa Sikukuu na donge la puti kwenye kopo.

Ranjanben, mke wake, mimi nilimwita mama Paras kama mtaa mzima. Alikuwa mwembamba, sari imekunjwa sawasawa, maneno machache. Nilimwamkia, akaitika, akaingia jikoni, akarudi na chai. Alinipa kikombe kwa mikono miwili, amekilaza katikati ya viganja, ameinama kidogo. Nami nikafurahi moyoni. Nikajisemea, huyu mama ana heshima za zamani. Kibarua kama mimi ananipa chai kwa mikono miwili kama anampa mkwe! Hivyo ndivyo nilivyolelewa na bibi yangu: ukimpa mtu mzima kitu kwa mkono mmoja unazabwa kibao.

Laiti ningemtazama vidole badala ya kujitazama mimi mwenyewe.

Kopo la puti lilikuwa miguuni pangu. Nikalitazama, nikamtazama yeye, nikaona haya. Nitamwambiaje mama wa Kihindi, mke wa mtu, mwenye heshima namna ile, akamate udongo mbele yangu, mimi nimkodolee macho mkono? Nikanong'ona kwa mzee Devendra, "Mzee, nitapata wapi kipimo cha mkono wa mama?"

Uso wake ukang'aa. Akanishika bega, akanipeleka mpaka mlango wa chumba cha ndani. Pembeni ya mlango, kwenye ukuta uliopakwa rangi ya bluu, palikuwa na kipande kisichopakwa chochote, kikubwa kama dirisha dogo. Hapo palikuwa na alama mbili za viganja, nyekundu iliyokwisha kufifia, vidole vyembamba vimenyooka. Kwao bibi harusi akiletwa kwa mume huchovya viganja katika unga mwekundu uliokorogwa, akavibandika ukutani, kama kusema nimefika. Mzee Devendra alikuwa ameipaka nyumba ile rangi mara saba, akaniambia, na mara zote saba alimsimamia fundi wa rangi asiguse pale.

"Huu hapa mkono wake," akasema. "Pima."

Nikaweka karatasi juu ya alama, nikazungusha penseli. Kilikuwa kiganja kidogo chenye vidole virefu, mkono wa kuchongewa kitu chembamba, chepesi. Nilishuka ngazi nikiwa na furaha ya kitoto. Niliona nimepata kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupata, na puti nikairudisha kibandani haijaguswa.

Nilichonga siku nne. Kiolezo nilikuwa nacho, kwa kuwa vya umbo la bastola ya Khalil nilichonga viwili. Nikachagua mninga mwekundu ulingane na alama zile, nikaukonda mpini kwa tupa mpaka nilipoona vidole vya kwenye karatasi vitauzunguka bila taabu. Niliuchora jani dogo pembeni, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia mteja yeyote. Mzee Devendra alipouona, machozi yalimlengalenga.

Tukaufunga kwenye bastola nyumbani kwake, akamwita mkewe.

"Ona. Fundi amekupimia mkono ule uliokuja nao hapa."

Mama Paras akaipokea bastola kwa mikono miwili. Aliitazama ile kazi muda mrefu, akamtazama mume wake, akatabasamu. "Mzuri sana," akasema. "Asante, fundi." Kisha akairudisha, kwa mikono miwili.

Hakuikamata. Leo naliona hilo waziwazi kama ninavyoona vidole vyangu hivi. Mwanamke alipewa bastola ajaribu mpini, na hakuikamata, aliibeba tu kama anabeba sinia. Na mimi, fundi mzima, nikanywa chai yangu.

Mzee Devendra alifariki mwezi uliofuata. Polisi wakaichukua bastola kuitunza mpaka mrithi apate kibali. Paras akaja kutoka Leicester, kijana mtulivu wa miaka thelathini na kidogo, anaongea Kiswahili kilekile cha Sikukuu alichoondoka nacho. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Maombi yakapelekwa, karatasi zikazunguka, na siku ya kujaribiwa ikapangwa. Paras akanipitia kibandani.

"Fundi, tuende wote. Skrubu ikilegea uwepo."

"Haitalegea."

"Najua. Lakini mama amesema uje."

Uwanja wa polisi wa kulengea shabaha ulikuwa na jua kali asubuhi ile. Afisa aliyetupokea alikuwa mpole. Akamweleza mama Paras kila hatua, akasimama nyuma yake, akampa bastola. Aliipokea kwa viganja viwili. Afisa akamwambia anaweza kutumia mikono yote miwili, hapana tatizo, ilimradi aikamate kwa nguvu. Mama Paras akaiinua. Nilikuwa nimesimama hatua chache pembeni yake, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilitazama mikono yake kwenye mwanga.

Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba kama njugu mawe. Vidole vyenyewe vimepinda upande mmoja, na havikunjiki zaidi ya nusu. Mpini wangu mwembamba, mzuri, wenye jani pembeni, ulikuwa umekaa katikati ya vidole vile na nafasi kubwa inaonekana pande zote. Hapakuwa na kitu kinachougusa ila kidole gumba na ubavu wa kiganja.

Nilitaka kupiga kelele nisimamishe. Sikupiga. Nikasema moyoni labda, labda.

Akafyatua. Risasi ilitoka, na bastola ikaruka kutoka mikononi mwake, ikaanguka mchangani mbele ya miguu yake. Afisa akaiokota, akaipangusa. "Si kitu, mama. Hutokea mara ya kwanza. Jaribu tena." Mara ya pili aliinua, ikaanza kuteleza kuelekea chini kabla hajafyatua, na afisa akaidaka haraka kwa mkono wake. Akaifungua, akatoa risasi. Hakumsema vibaya. Alifunga jalada tu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu, nikikupa kibali hiki nitakuwa nimekuonea."

Paras akamkamata mama yake mikono, akaigeuza, akaitazama.

"Mama, hivi vidole vimeanza lini?"

"Siku nyingi."

"Baba alijua?"

"Hakujua. Nilikuwa nasukuma chapati kabla hajaamka, polepole."

Tulirudi mjini kwa teksi. Nilikuwa kiti cha mbele, nikawa navihesabu vikombe vyote vya chai nilivyopewa na mwanamke yule kwa mikono miwili, na kila kimoja nilikuwa nimejisifia. Haikuwa heshima peke yake. Alikuwa hawezi kushika kikombe kwa mkono mmoja.

Mambo yalikwenda haraka. Kariakoo ya miaka ile nyumba haikai sokoni wiki mbili. Kila mtu alikuwa anatafuta kiwanja abomoe ajenge ghorofa. Paras akauza. Siku mbili kabla ya safari teksi ikasimama mbele ya kibanda changu, mama Paras akashuka peke yake. Nilimwamkia, nikampangusia gogo lile alilokalia mume wake. Alikuwa ameniletea birika la chai kutoka dukani, limefungwa kwenye gazeti.

"La kukumbukia," akasema.

Nikalipokea nikiwa sijui niweke wapi uso wangu. Nikasema, "Mama, nisamehe. Mbona hukuniambia kwamba mpini haukufai?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta maneno mepesi. "Alifurahi sana, fundi. Ulimwona. Aliniambia umenipimia mkono ule niliokuja nao. Ningemwambiaje kwamba mkono ule siku hizi sinao?" Akainua macho. "Na wewe? Mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya, mama."

"Haya ya nini? Nimeuza masufuria Kariakoo miaka thelathini. Nimegombana na wachukuzi, nimefukuza vibaka kwa mwiko. Leo wewe ndiye unanionea haya?"

Niligeuka nikajifanya natafuta mahali pa kuweka birika. Nilipogeuka tena nilimkuta amesimama mbele ya rafu, karatasi zangu zimetawanyika, na mkononi ameshika ule mpini mnene wa Khalil, mchi wa kutwangia, uliofungwa juu ya kiolezo.

"Hiki cha nani?"

"Cha Khalil wa Mkunguni. Alikikataa."

Unene wa mbao ile ulikuwa umejaza kiganja chake chote. Vidole havikuhitaji kukunjika zaidi ya vilivyoweza. Vilikuwa vimelala juu ya mninga kila kimoja mahali pake, hata kile cha mwisho, na cha shahada kimefika pale ambapo kifyatulio kingekuwa. Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Haukutetemeka. Nikauona ule mkono, mmoja, umenyooka, umekamata. Mpini ule ulikuwa umekaa kwenye rafu yangu tangu kabla mume wake hajaingia mlangoni kwangu, umechongewa bastola pacha wa ile yake, na kilichohitajika ni skrubu moja tu na swali moja.

"Mama," nikasema, "nakitia leo hii. Turudi polisi kesho. Afisa yule ni mtu mwelewa."

"Wameanza kubomoa juu, fundi. Jana wameufikia ule ukuta wa viganja."

Nilikaa chini. Sioni aibu kusema kwamba nililia, tena kwa sauti, na yeye akaningojea nimalize. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Nje dereva wa teksi alipiga honi. Akauangalia ule mpini mara ya mwisho, akaukamata kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu ambacho hatakinunua.

Kisha akanirudishia. Tangu kikombe kile cha kwanza sikuwahi kumwona akimpa mtu kitu kwa mkono mmoja, na siku ile alinipa kwa mkono mmoja.